Mama Thelathini

Niliporudi kutoka chumba cha nahodha nilimkuta Mzee Belisario ameinama juu ya ndoo yangu, mpira wa maji mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

"Nimekuwekea ya vuguvugu, binti," akasema. "Tangu juzi vidole vyako vimekuwa kama karoti. Sasa utafanya kazi kama mtu."

Nilikuwa nimekwisha kuona kilichokuwa ndani ya ndoo.

Asubuhi ile wavu ulikuwa umepandisha tani nne za kombe, chaza tunaowavua, na kati yao nyota-nyoya. Mabaharia huwaita maua, lakini ni wanyama: kiwiliwili kidogo kama kifungo cha koti, na mikono kumi inayofanana na manyoya ya ndege. Nilikuwa nimeokota hamsini na wawili, wazima wote, nikawaweka kwenye maji ya bahari, baridi ile ile waliyotoka nayo. Sasa hakubaki mzima hata mmoja. Nyota-nyoya akiguswa na joto hujikata mikono mwenyewe, yote kumi, kama mjusi anavyoacha mkia. Vifungo vilikuwa vimelala chini ya ndoo. Mikono ilielea juu yake, kahawia na manjano, mingine ikiendelea kujikunja na kujikunjua.

"Umebadilisha maji mara ngapi?" nikauliza.

"Mara mbili. Yanapoa upesi haya."

"Ya kwanza ulimwaga wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea tundu la ubavuni mwa sitaha, linalotema maji baharini.

Tulikuwa siku ya kumi na tisa tangu tutoke bandari ya Ushuaia, kusini kabisa mwa dunia. Ilikuwa Julai, na Julai kwetu ndiyo moyo wa baridi. Kati ya watu ishirini na sita melini mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, na mtu pekee ambaye hakuja kuvua. Mimi ni mkaguzi: kazi yangu ni kuangalia kinachopanda pamoja na kombe na kuandika. Ndiyo maana Mansilla, fundi wa winchi ya kuvuta wavu, aliniita Polisi wa Maua tangu siku ya kwanza, na wenzake wakalipokea jina.

Nyota-nyoya wa maji yetu hawatupi mayai baharini yakajitafutie maisha. Mama huyabeba. Kwenye matawi madogo kandokando ya kila mkono kuna vifuko, na ndani ya vifuko watoto hukua wakiwa wamejishikiza kwa vikonyo. Wakitoka hawaendi mbali. Hukaa pale pale alipokaa mama yao. Kwa hiyo wavu ukikwangua makao yao, makao hayo hayajai tena. Hakuna mkondo utakaoleta wageni.

Kanuni inasema hivi: wavu mmoja ukipandisha mama thelathini wenye watoto, meli iondoke pale, maili ishirini, isirudi msimu ule. Mimi nilikuwa nimeviona vifuko kwa jicho tupu, vimevimba, nikaenda kumwambia Nahodha Iribarne kwamba nadhani tumepita idadi.

"Unadhani," alisema, bila kuacha kutazama ramani. "Mimi nimekaa mahali penye kombe wengi kuliko popote mwaka huu. Siku mbili hapa, ghala linajaa, tunakwenda nyumbani. Niletee karatasi kabla ya saa sita. Ikisema thelathini, naondoka. Ikisema pungufu, nashusha wavu."

Yalikuwa masharti ya haki. Saa ilikuwa tatu kasorobo.

Na kulikuwa na kanuni ya pili, iliyobandikwa ukutani pale tunapolia chakula. Mtu yeyote akigusa sampuli ya mkaguzi, kwa nia njema au mbaya, meli itaondoka kana kwamba idadi imetimia, na aliyegusa atanyang'anywa kitabu cha ubaharia. Mzee Belisario alikuwa na miaka sitini na minne. Alibakiza miezi minne apate pensheni.

Nilibeba ndoo hadi kwenye kijumba changu cha kazi, nikafunga mlango. Yeye akaufungua.

"Nimeharibu," akasema.

"Umeharibu."

"Nilidhani ni maua tu."

"Watoto wako kwenye mikono, mzee. Na mikono sasa haijulikani ni ya nani. Nikiwa na mikono hamsini yenye watoto, inaweza kuwa mama watano, inaweza kuwa mama hamsini."

Akafikiri, akivuta masharubu. Miaka thelathini na tisa baharini ilikuwa imemfundisha kuhesabu kila kitu kwa vikapu.

"Mmoja ana mikono mingapi?"

"Kumi. Haizidi."

"Basi ukiwa na mikono mia mbili na tisini, mama hawawezi kupungua ishirini na tisa. Ukizidi mkono mmoja, huo ni wa mwingine. Wa thelathini."

Nilimtazama. Nilikuwa na diploma ukutani kwa mama yangu, na hilo sikuwa nimeliwaza.

"Vua glavu," nikamwambia. "Na usiwashe hita."

Tulianza. Mimi nikitazama kila mkono chini ya hadubini: una vifuko vyenye watoto, au hauna. Wenye watoto nilimpa, naye akaupanga kwenye trei, kumi kumi. Isiyo na kitu, ya madume na ya majike matupu, ilikwenda kwenye beseni. Meli ilikuwa ikiyumba, na kila ilipolala upande trei ilitaka kuteleza. Akaizuia kwa tumbo. Saa nne tulikuwa na mia na kumi. Saa nne na nusu, mia na sitini na tatu. Vidole vyangu havikuwa vyangu tena.

Mansilla akachungulia dirishani.

"Mzee, umehamia polisi?"

"Nasaidia kuchambua mboga," Belisario akajibu.

"Chambueni upesi. Jumamosi binti yangu anatimiza miaka kumi na tano, ile sherehe kubwa ya wasichana. Nikikosa kucheza naye dansi ya kwanza, mama yake atanichambua mimi."

Akacheka, akaenda. Belisario hakucheka.

Kufika saa tano nilimwachia nafasi kwenye hadubini, kwa sababu aliomba. Alifumba jicho moja, akatazama.

"Wako wanne humu," akasema. "Kwenye kachumba kamoja. Huyu wa pembeni kambana mwenzake." Akainuka. "Kama kwetu kisiwani Chiloé. Tulilala watano kitanda kimoja, na aliyekojoa hakujulikana."

Saa tano na dakika arobaini, ndoo ilikwisha. Nilichuja maji kwa kitambaa, nikakagua kitambaa. Nilikagua beseni upya, mkono kwa mkono. Yeye alitoka akatambaa sitahani kwa magoti, akipapasa kuzunguka lile tundu, akarudi na mmoja, umekanyagwa, lakini una watoto.

Mia mbili themanini na nane.

"Mama ishirini na tisa," nikasema.

"Mitatu tu imepungua."

"Ilikwenda na maji yako ya kwanza."

Kisha akachukua mkono mmoja kutoka kwenye trei, mrefu, akaushika huku na huku kwa vidole vyake vinene, akauvunja katikati. Vipande viwili akaviweka mbali mbali.

"Mia mbili themanini na tisa," akasema. "Hakuna atakayejua."

Pale ulipovunjika palikuwa peupe kama jino. Nilivitazama vile vipande, na siwezi kusema kwamba nilivitazama kwa sekunde moja. Mikono mingine miwili ivunjwe hivyo, na mahali pale pangepona. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafuata wanaume wa meli hii na mizani mkononi, nikiwaambia kwamba gramu ni gramu.

Nikaviunganisha vipande, nikavirudisha kwenye kumi lake.

"Mimi nitajua," nikasema.

"Na ukiandika kwamba niligusa?"

"Siandiki."

"Sikukuuliza kama utaandika. Nimekuuliza ingekuwaje."

"Unajua ingekuwaje. Umekula mbele ya lile tangazo miaka yote."

Akajifuta mikono kwenye suruali, akatoka.

Nilijaza karatasi. Mama wenye watoto, idadi isiyopungua: 29. Niliandika polepole kwa sababu ya vidole, na kwa sababu nilikuwa nikipaandikia mahali pale hukumu ya kifo. Saa sita kasoro dakika nne niliingia chumba cha kulia. Wote waliokuwa zamu ya mchana walikuwa mezani, dengu zinafuka. Nikampa nahodha karatasi mbele yao.

Iribarne aliisoma mara mbili. Hakufurahi kwa uso. Huo ndio uungwana wake.

"Ishirini na tisa," akasema. "Umeandika ulichoona?"

"Nimeandika ninachoweza kuthibitisha."

"Basi. Mansilla, ukimaliza kula, wavu."

Meza ikapiga vijiko. Mtu akasema polisi wetu ana moyo kumbe. Ndipo Mzee Belisario aliposimama mwisho wa benchi.

"Nahodha, mimi niligusa ndoo yake. Nilitia maji ya moto."

Vijiko vikanyamaza.

"Mzee," Iribarne akasema kwa upole, "una homa. Kalale."

"Sina homa. Nilitia maji ya moto mara mbili, ya kwanza nikayamwaga baharini na wanyama wake. Hesabu imeharibika kwa sababu yangu." Alisema kwa sauti ya mtu anayeita upande wa pili wa sitaha, ili asiwepo atakayedai hakusikia. "Wote mmenisikia."

"Alikutuma huyu?" Mansilla akaniashiria kwa kijiko.

"Huyu alikataa."

"Jumamosi, mzee. Anatimiza kumi na tano. Mara moja tu maishani."

"Najua. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo."

Mansilla akasogeza sahani yake hadi kona ya mbali, akatupa mgongo sote wawili, mimi na mzee. Wengine wawili wakamfuata. Iribarne aliikunja karatasi yangu mara nne, akainua simu ya ukutani na kuita usukani.

"Geuza kaskazini. Maili ishirini. Hapana, usiniulize."

Meli ililala ubavu ilipokuwa ikigeuka. Kila mtu alishika sahani yake bila kutazama.

Nikatoa fomu ya pili, ile ya kumnyang'anya mtu kitabu cha ubaharia, ambayo sikuwa nimewahi kuijaza. Niliiweka kalamu kwenye mstari wa jina, nikaishia hapo. Mzee Belisario akaja akaketi mbele yangu, akasubiri, kisha akaona kwamba nisipoanzishwa sitaanza.

"Namba ya kitabu," akasema, "iandike kwanza, ndiyo nyepesi."

Akaitamka kutoka kichwani, tarakimu moja baada ya nyingine, akiangalia kalamu yangu imeinuka ndipo aendelee.