Aliyesimama Kushoto

Kila mara fundi bomba alipompiga mkewe picha, mume wa kwanza wa mkewe naye alitokea. Mume huyo, seremala, alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Alisimama upande wa kushoto, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Na mke alikuwa akimtazama yeye, si kamera.

Kamera ilitokana na ushauri wa muuguzi. Alimpima fundi presha, akaguna, akamwambia atafute jambo la kumtuliza roho kabla roho yenyewe haijamtoka. Fundi akanunua kamera ya dijitali ya mtumba, yenye kioo kidogo nyuma na kitufe cha kufutia. Jioni akapiga picha maua ya jirani, kuku, masufuria yaliyoanikwa. Presha ikashuka. Kisha akampiga mkewe, ikapanda tena.

Alimwonyesha. Mke akakausha mikono, akaisogeza kamera karibu na macho.

"Amekonda," akasema. "Halafu mbona umemkata mguu?"

"Nimekupiga wewe. Yeye nani kamwita?"

"Aitwe na nani, na kila ubao humu kapiga randa yeye?"

Hilo lilikuwa kweli. Miaka minne ya ndoa, fundi alikuwa akilala kwenye kitanda cha mwenzake, akila kwenye meza ya mwenzake. Hayo aliyameza. Picha ikamkwama kooni. Akabonyeza kitufe cha kufutia.

Mlango wa mbele ukatoweka. Haukuvunjwa wala kuibwa; palibaki uwazi tu, na upepo ukiingia.

Jirani alipita na ndoo yake. "Shoga, mlango wenu uko wapi?"

"Mume wangu kaufuta."

"Aa. Basi tundikeni shuka, kuku wangu wasije wakawasumbua."

Fundi alipiga tena, seremala akatokea tena. Alipofuta, meza ikaenda. Sahani zikabaki sakafuni na chai haikumwagika. Vikafuata viti, kimoja kimoja, halafu kabati, halafu kitanda. Wakawa wanalala chini. Angeweza kurudi kwa kuku na masufuria, lakini alitaka picha moja, moja tu, ambayo mkewe anamtazama yeye.

"Baba, vya mbao vimekwisha," mke akamwambia. "Alichobakiza humu ni kimoja."

Wote wawili wakamtazama binti wa seremala, mtoto wa miaka saba, aliyekuwa akichora sakafuni na kucheka peke yake. Kicheko kilikuwa cha marehemu mtupu, kinaanzia puani na kuishia tumboni. Fundi mwenyewe, akirudi kutoka kazini ananuka mtaro, alikuwa akikisikia tangu kona ya barabara na kuongeza mwendo.

"Mimi simfuti mtoto," akasema. "Namfuta yule."

"Unajua yule anaishia wapi na mtoto anaanzia wapi?"

Fundi hakujua. Jumapili mchana akampiga mkewe picha pale penye uwazi wa mlango. Seremala alikuwepo, amejiegemeza mahali ambapo zamani palikuwa na fremu yake. Fundi akabonyeza.

Mtoto alibaki mzima. Fundi alimhesabu vidole, akamwambia afungue mdomo, akamhesabu na meno. Vyote vilikuwepo. Akamfinyia uso, kama anavyofanya kila siku, macho makengeza na ulimi nje. Mtoto akamtazama kwa adabu.

"Umemaliza, baba?" akauliza, akarudi kuchora.

Fundi akapiga picha ya mwisho. Safari hii kushoto hapakuwa na mtu, ukuta mtupu. Mkewe alikuwa akiutazama ukuta.

Picha hiyo hakuifuta. Muuguzi alipompima, presha ilikuwa palepale. Na vilivyokwenda ni hivi: mlango mmoja, meza moja, viti vinne, kabati, kitanda, na kicheko cha mtoto.