Roho ya Pikapu

Mkubwa alifika hospitali saa mbili asubuhi, saa nzima kabla ya muda aliopewa, ili mdogo wake asimtangulie. Pikapu yake mpya ya milango minne ilikuwa imeoshwa jana, na leo ikaoshwa tena. Kiti cha mbele alikitandikia taulo safi. Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na Mkubwa alikuwa amejiapiza kwamba leo atarudi nyumbani ndani ya gari la mwanawe wa kwanza, si ndani ya ule mkweche.

Dakika kumi baadaye mkweche wenyewe ukaingia. Ilikuwa pikapu ya marehemu baba yao, rangi ya krimu, taa za duara, bampa la chuma tupu na kiti kimoja kirefu cha mbele. Mlinzi wa geti, ambaye gari la Mkubwa hakuliinulia hata macho, aliiacha kazi yake akawa anaizunguka pikapu ya zamani huku akiipapasa. Muuguzi mmoja akatoa simu akaipiga picha. Seremala, maana ndivyo watu walivyomwita mdogo mtu kwa kazi yake, akashuka na vumbi la mbao nyweleni, akicheka na kila mmoja.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Mkubwa akaitika shingo upande.

"Jamani, chuma hiki!" mlinzi akasema. "Siku hizi hawatengenezi tena. Na wewe mzee gari lako zuri," akamwongezea Mkubwa, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyenyimwa.

Roho ilimuuma Mkubwa, tena si kidogo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Baba alipofariki, miaka saba iliyopita, ukoo ulikaa kikao na pikapu akapewa yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa. Akaiangalia ilivyokaa juu ya matofali, kuku wanatagia kwenye kiti, akasema mbele ya wote, "Mkweche huo wa nini? Mpeni huyu akapakilie mbao zake." Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe! Seremala akamaliza Jumapili zote za miaka miwili akipiga msasa na kuibembeleza injini, mpaka ikanguruma. Tangu siku hiyo Mkubwa hajaweza kuegesha gari lake karibu na ile pikapu bila kujiona amevaa suti ya kuazima.

Mtoto wa jicho ana daktari wake. Kijicho hakina kliniki.

Seremala akaingia ndani kumchukua Mama. Mlinzi akaitwa getini, muuguzi akarudi wodini. Mkubwa akabaki peke yake na pikapu mbili. Boneti ya zile za zamani hufunguliwa kwa nje, na vidole vyake vilikuwa bado vinajua mahali pa kubonyeza. Akaachia vibanio vya kifuniko cha nyaya za plagi, akachomoa kidude cheusi kidogo chenye ulimi wa shaba. Mafundi wanakiita rota. Baba yao alikiita roho, kwa sababu bila hicho gari haliwaki hata ufanyeje. Mkubwa akakitia mfukoni, akashusha boneti taratibu, akaenda kujifanya anasoma simu.

Mama akatoka, jicho moja limezibwa kwa pamba na plasta, mkono begani kwa Seremala. Mkubwa akakimbilia kumfungulia mlango.

"Karibu, Mama. Humu kuna ubaridi, wala hakuna vumbi la kukuingia jichoni."

"Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini humo najiona mgeni. Nitapanda la baba yenu."

Akaushika mpini wa mlango bila kuutafuta, akapanda, akakaa katikati. Seremala akazungusha ufunguo. Injini ikakoroma, ikakoroma tena, haikuwaka.

"Si unaona!" Mkubwa akasema, haraka mno. "Ndiyo mambo ya mikweche. Shuka twende, Mama."

"Sina haraka mimi."

Seremala akafungua boneti, akaondoa kifuniko, akachungulia. Kisha akamtazama kaka yake usoni, halafu vidoleni, na vidole vilikuwa na grisi. Mkubwa akavirudisha nyuma upesi. Mlinzi alikuwa ameshasogea, na wauguzi wawili watatu pia. Mkubwa akasubiri kuumbuliwa.

"Imekuwaje?" Mama akauliza kupitia dirishani.

"Haina roho, Mama," Seremala akajibu polepole.

"Sasa si umwombe kaka yako? Anayo yeye."

Mkono wa Mkubwa ukakimbilia mfukoni.

"Baba yenu kila jioni alikuwa anamkabidhi nani roho ya gari, lisiibwe usiku?" Mama akaendelea. "Wewe ukawa unagaragara chini, unalia upewe. Baba anakwambia hapana, hiyo ni ya kaka yako, ndiye ninayemwamini. Ulikuwa na wivu wewe! Wivu mpaka homa!" Akacheka peke yake. "Mkubwa, mpe mwenzio roho, twende nyumbani."

Mkubwa hakujua kama Mama amemkamata au anasimulia tu ya zamani. Lile jicho zima lilikuwa linatazama mbele. Akatoa rota mfukoni.

"Kumbe mlikuwa mnamtania mama!" mlinzi akaangua kicheko.

Mkubwa akaipachika mwenyewe, akabana vibanio. Pikapu ikawaka mara moja.

"Panda," Mama akasema, akikipigapiga kiti. "Kaa mlangoni, pale pako."

"Na gari langu?"

"Si ulituambia linajifunga lenyewe? Basi na lijilinde lenyewe."

Wakaenda watatu, bega kwa bega. Walipofika na Mama akaingia ndani, Seremala alizima injini, akafungua boneti, akachomoa rota. Akaifuta kwa kitambaa, akamwekea kaka yake kiganjani. Ya hospitali hakuyagusa.

"Kaa nayo, kaka. Kesho saa moja asubuhi nina mbao za kupeleka. Njoo nayo."

Mkubwa akafumba ngumi. Hata kusamehe, mtoto huyu kamzidi! Roho ikamuuma upya, pale pale aliposimama.

"Nitafika saa kumi na mbili," akasema.