Raba Nyeusi za Anifa

Mwaka ule Anifa alikuwa na uwezo wa kununua raba jozi moja tu, na jozi hiyo ilibidi ifanye kazi mbili. Mchana aliuza madaftari na kalamu katika duka la Mama Parin, Kanyenye, ambako ndala zilikatazwa na viatu vya rangi za kuwaka vilikatazwa pia. Jioni alipanda ubao wa magurudumu na wenzake kule Chemchem, kwenye sakafu ya saruji iliyobaki baada ya ghala la tumbaku kubomolewa. Alikuwa na miaka ishirini, na pale sakafuni hakuna aliyemfikia kwa ufundi.

Siku tatu mfululizo alikwenda kwa Parvez, muuza viatu wa mtaa wa pili. Akakunja kila raba, akabonyeza soli kwa kidole gumba, akavuta mishono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Leo tena? Unanunua kiatu au unanunua ng'ombe?"

"Nataka soli bapa, inayonata. Hizi nene za kukimbilia zinanifichia ubao, siusikii chini ya mguu."

"Basi chukua hii ya kitambaa. Nyepesi."

"Ya kitambaa inatoboka wiki mbili tu. Nataka ya ngozi ya swedi, na hapa mbele ishonwe mara mbili. Halafu iwe nyeusi, isiwe na michoro, niweze kuivaa na sketi dukani."

Parvez akacheka. "Babu yangu aliwauzia makubadhi watu waliokuwa wakienda Ujiji kwa miguu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika." Akapanda ngazi, akashusha boksi la juu kabisa. Zilikuwa namba arobaini, nyeusi tii. Anifa alizivaa, akachuchumaa, akainuka, akasimama kwa mguu mmoja. Hakuuliza za namba nyingine wala za rangi nyingine.

Wiki nzima hakuzivua ila wakati wa kulala na kuoga. Mama Parin alizitazama mara moja akaendelea na shughuli zake, na kwake huko kulikuwa kusifu. Kwenye ubao zilishika kama kupe.

Anifa aliishi Gongoni kwa mama yake mdogo, Zamda, aliyemchukua akiwa na miaka tisa. Nyumbani pale alikuwapo pia Adinani, mtoto wa Zamda, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Yeye naye alivaa namba arobaini.

Jumamosi asubuhi Anifa alitoka kuoga, akazikuta raba zake miguuni kwa Adinani.

"Kaka, hizo zangu."

Adinani akamtazama mama yake. Zamda alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso. "Jumatatu anapanda treni kwenda Dar. Amepata kazi ya kupakia mizigo. Unataka akafike kwa watu na ndala?"

"Mama mdogo, mimi nimezinunua za ubao. Yeye hapandi ubao."

"Zingekuwa za ubao tu nisingezigusa. Si wewe uliyekaa hapa ukajisifu kwamba zinavalika popote? Haya, na Dar zitavalika."

"Naomba anirudishie."

Zamda akapuliza makapi. "Mama yako naye alipenda viatu vizuri. Ndiyo maana aliweza kwenda mbali hivyo akakuacha."

Adinani akacheka. Maneno ya Zamda Anifa alikwisha kuyazoea. Kicheko kile hakukizoea. Akaenda kazini na viatu vya kuazima, na kutwa nzima kikamlia masikioni.

Jumapili alasiri Adinani alifika Chemchem na Tekla, msichana ambaye Adinani alikuwa akimwahidi kumwita akishapata chumba Dar. Kijana alikuja kuringia raba. Anifa alikuwa ameketi ukingoni mwa sakafu, ndala miguuni, ubao mapajani.

"Na wewe unajua?" Tekla alimuuliza Adinani, akionyesha wale waliokuwa wakiteleza.

"Mchezo wa watoto huo."

Anifa akainuka. "Basi panda, kaka. Raba unazo tayari."

Akauweka ubao juu ya mteremko wa saruji, pale ambapo zamani malori yalishushia mizigo. Akaupanga mguu wa Adinani kwa mkono wake mwenyewe, kwa upole. "Ukianza kushuka, egemea nyuma. Kwa nguvu. Usiogope."

Kila aliyepanda ubao pale alijua kwamba hilo ndilo jambo la kwanza unalokatazwa. Mmoja wao alifungua kinywa. Anifa akamkazia macho, akakifunga.

Ubao ulichomoka kama samaki mkononi. Adinani alitua juu ya mkono wake wa kulia, na mlio ulisikika hadi barabarani.

Anifa ndiye aliyemfikia wa kwanza. Tekla alidhani anakwenda kumshika kichwa. Lakini Anifa alipiga goti miguuni, akafungua kamba ya raba ya kwanza, akaivua, kisha ya pili.

"Mkono! Anifa, mkono wangu!"

"Nimeona."

Akazivaa, akazifunga vizuri, akaondoka na ubao wake kwapani. Ndala alimwachia.

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Treni ya Jumatatu iliondoka, na kazi ile akapewa mwingine. Zamda alizitupa nguo za Anifa barabarani, mbele ya majirani, akimwita nyoka, na hakuna aliyembishia. Mama Parin alimruhusu kulala stoo, katikati ya maboksi ya karatasi, bila kumuuliza kitu. Chemchem wenzake walimpisha apande. Alipoanguka, hakuna aliyemnyooshea mkono.

Baada ya miezi miwili Tekla aliingia dukani. Hakununua kitu.

"Mkono umeunga vibaya," alisema. "Hata vifungo vya shati hawezi kufunga. Ulijua ataanguka?"

"Nilijua."

"Na kuvunjika?"

Anifa alifikiri. "Hilo sikulijua. Lakini nililitaka."

Tekla akatoka. Anifa alisimama nyuma ya meza akingoja uchungu umjie, maana alitaka kujuta. Alijua mtu mwema angejuta. Kilichomjia ni furaha, ndogo, yenye kuwasha. Akaingojea ipite. Haikupita, na hapo ndipo alipoanza kujiogopa.