Mchanga Msafi Kwenye Kopo

Nilianza kumshuku shemeji yangu siku niliposugua sampuli yake kati ya vidole, ikakwaruza. Tope la mdomo wa mto, chini ya karakana ya betri, halikwaruzi. Ni laini, jeusi, na likikugusa nguo umekwisha. Lakini kilichokuwa ndani ya kopo kilikuwa mchanga, tena msafi, wa kujengea nyumba.

Kazi yangu maabarani ni kupima madini ya risasi kwenye tope la chini ya bahari, mahali palepale, mwaka hadi mwaka. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ana boti. Yeye huchota, mimi hupima. Na kila mwaka risasi ilikuwa inashuka. Mkuu wetu wa maabara alifurahi hadi akabandika mchoro ukutani. Wiki iliyofuata kungekuwa na kikao cha kuondoa marufuku ya kuokota kome kwenye ghuba ile.

Mdogo wangu hakusubiri kikao. Nilimkuta jikoni na sufuria ya kome, mpwa wangu anakula huku mkono mmoja ameshika tumbo.

"Hawa mmewatoa wapi?"

"Si baba yake anapita kulekule? Na wewe mwenyewe ulisema risasi inashuka, dada."

Nilisema, kweli. Nikakaa nimebana midomo, maana nililokuwa nalo moyoni halisemeki mbele ya mke wa mtu. Shemeji hucheza karata na msimamizi wa karakana kila Jumapili. Na kila nilipoomba kupanda boti alikuwa na sababu: bahari imechafuka, shemeji, utatapika bure. Nani anijali hivyo bila jambo? Alikuwa anachota pembeni, kwenye mchanga, ili karakana ionekane safi. Nilikuwa na uhakika huo, na uliniuma.

Safari hii nilipanda kwa nguvu. Na nilitapika, sifichi. Lakini hata nikiwa nimeinama ukingoni, jicho moja lilikuwa kwenye simu inayoonyesha mahali tulipo.

"Unaniangalia kama mwizi wa kuku, shemeji," alisema akicheka.

Sikucheka. Alisimamisha boti kwenye boya letu hasa. Akashusha chombo cha kuchotea, kikajifunga huko chini, akakivuta. Tope likatoka jeusi, linanuka mayai viza. Nikaona haya. Nikajiuliza, basi mchanga hutoka wapi?

Akalimwaga kwenye ndoo, akajaza maji, akakoroga. Akayamwaga yale maji meusi baharini, akajaza mengine.

"Unafanya nini?"

"Naosha." Alinitazama kama nimeuliza kwa nini anapumua. "Mkuu wenu alinifokea mbele za watu. Eti sampuli zangu zinanuka, zimechafua gari zima. Nikaapa sitaleta tena uchafu. Mwanzoni nilikuwa naosha juujuu tu, sasa nimekuwa fundi. Ona."

Akaniinamishia ndoo. Chini ulibaki mchanga wangu, unang'aa.

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumwomba radhi. Kumbe mchoro wa ukutani haukuwa wa risasi. Ulikuwa wa huyu mtu anavyozidi kuwa hodari wa kuosha.

"Shemeji, risasi hukaa kwenye lile tope laini. Mchanga hauishiki. Unachokimwaga ndicho ninachokitafuta."

Alisimama na ndoo mkononi. "Kwa hiyo haijashuka?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Chota tena, usioshe."

Hakuchota. Aliweka ndoo chini taratibu, akavuta mfuko kutoka chini ya kiti. Ulikuwa na kome wa asubuhi ile, wabichi, wamefungwa vizuri kwa kamba. Nilijua wanakwenda jikoni kwa nani.

"Hawa nao nawaosha sana," alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Kila siku. Maji matatu, mtoto asile mchanga. Wakioshwa hivyo, si inatoka?"

Nilimshuku mtu huyu muda wote huu, na sasa natamani angekuwa mwongo.

"Haitoki, shemeji," nikamwambia. "Washa injini. Twende tukamchukue mtoto, akapimwe damu."