Sentensi Isiyo na Panya

Pale kwenye taasisi, mkurugenzi aliitwa Bwana Alama, ila si mbele yake. Kwake utafiti haukuwa utafiti mpaka upate alama, na alama zilitoka kwenye programu iliyohesabu kila mtu aliyeutaja mitandaoni. Programu ile haikujali umetajwa kwa heri au kwa shari. Ukisifiwa, alama, ukitukanwa, alama. Hiyo ndiyo akili ya mashine, na watu wazima wenye shahada zao waliikubali.

Kila makala ilipochapishwa, mwandishi alitakiwa kuifupisha kwa sentensi moja na kuibandika kwenye ukurasa wake. Mtafiti wa mimea aliandika yake hivi: "Majani haya yameshusha homa kwa panya wa maabara." Afisa mawasiliano akaisoma, akakunja pua.

"Dada, panya wa nini tena? Nani atasambaza habari za panya?"

"Lakini ndio tuliowapima."

"Si wamo ndani ya makala? Anayetaka atasoma."

Panya wakafutwa. Ikabaki: "Majani haya yanashusha homa." Mtafiti aliona kabisa kilichokosekana, akaibandika hivyo hivyo. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na mwenye shida hana sauti. Ndani ya makala alikuwa ameeleza pia kwamba panya waliopewa majani mengi waliharibika ini, lakini hayo yalikuwa ukurasa wa mwisho, na huko hafiki mtu.

Sentensi ikaenda kama moto wa nyikani. Wiki haijaisha, Bwana Alama akawakusanya wote ukumbini, akawasha ramani ukutani. Kila duara lilikuwa mtu au kundi, kila mstari njia ambayo habari ilipitia. Katikati lilikaa duara la mtafiti, limezingirwa na mistari hata ukuta hauonekani.

"Kesho wakaguzi wanakuja," akasema, akisugua mikono kwa raha. "Waone wenyewe kama hatugusi jamii!"

Wakapiga makofi. Mtafiti naye alifurahi, tusimsingizie. Alirudi mezani kwake kusoma walichoandika watu, akidhani atakutana na pongezi. Akakuta mama mmoja anauliza: "Wangu hajafikisha mwaka, nimpe kiasi gani?" Chini yake mtu asiyemjua mbele wala nyuma akajibu: "Kikombe kizima asubuhi na jioni."

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Alama.

"Mkuu, naomba niifute ile sentensi. Watu wanawanywesha watoto."

"Ukiifuta, mistari yote inakatika. Wakaguzi tutawaonyesha nini, ukuta?"

"Ini la mtoto, mkuu..."

"Futa kesho jioni, wakishaondoka." Akatabasamu. "Mkataba wako si uko hapa mezani? Nataka kuusaini kwa furaha."

Lile tabasamu lilimtisha kuliko kama angefokewa. Ukurasa ulikuwa wake, kidole kilikuwa chake, na bado hakufuta. Alikaa mbele ya ramani kwenye kompyuta yake akijiambia kesho si mbali, huku akifungua duara moja baada ya jingine, aone habari imefika wapi. Karibu kabisa na duara lake palikuwa na jingine nene. Akalifungua. Lilikuwa kundi la akina mama wa mtaani kwa dada yake, na aliyeipeleka habari huko ni dada yake mwenyewe. Aliandika: "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Hawezi kutudanganya."

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Akatoka mbio, mkoba kauacha kwenye kiti.

Alimkuta dada yake jikoni, sufuria motoni inatokota maji ya kijani. Kadogo, mtoto wa dada yake, alikuwa amelala kwenye mkeka. Siku zote mtoto yule humrukia mama yake mdogo shingoni kabla hajavua viatu, lakini leo alimtazama tu, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

"Umempa nini?"

"Si dawa yako? Tangu juzi. Homa ilishuka, halafu akaanza kulegea, nikamwongezea."

"Dada, mwaga! Tumewapa panya tu, hatujampa mtu hata mmoja!"

Dada yake hakuelewa. Alichukua simu yake kando ya unga, akaifungua pale pale kwenye sentensi, akamsogezea.

"Hii hapa, bado ipo. Kama ni sumu, mbona hujaifuta?"

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini Kadogo alichuma nini? Mtafiti akatoa simu yake, akaifuta sentensi mbele ya dada yake. Kisha akambeba mtoto.

Hospitalini, muuguzi alimfunua Kadogo jicho, akambonyeza tumbo chini ya mbavu. Mtoto akaguna.

"Mmemuwahi huyu," akasema. "Atalazwa, lakini mmemuwahi."

Dada mtu akaangua kilio. Mtafiti akamshukuru Mungu kwa sauti mbele za watu.

"Amekunywa nini?" muuguzi akauliza, kisha akawatazama nyuso zao na hakusubiri jibu. Akageuka kwa mwenzake aliyekuwa ndani ya wodi. "Na huyu wa majani! Mweke na wenzake."

"Wenzake?" mtafiti akauliza. "Wako wangapi?"

"Ingia uwaone mwenyewe," akasema muuguzi, akimpokea mtoto. "Si wote waliowahi."

Dada yake akaingia akimfuata Kadogo. Mtafiti alibaki pale mlangoni, akisikia akina mama wakizungumza ndani, na aliogopa kuingia.