Viti Arobaini na Vitano

Mkaguzi wa majengo aliliona kosa kwenye mchoro, miezi miwili kabla ya ukumbi kukabidhiwa. Akafunga faili, akaenda kunywa chai.

Mchoro ulionyesha safu thelathini zilizotanuka kama upepeo. Safu ya kwanza ilikuwa na viti kumi na sita, na kila safu ilizidi ya mbele yake kwa viti vitatu. Pembeni, kwa mwandiko alioujua, msimamizi wa ujenzi alikuwa ameandika jumla: 1,830. Jumla ya kweli ilikuwa 1,785. Simu moja ingetosha kumwonya. Hakuipiga.

Miaka kumi na sita nyuma, msimamizi huyohuyo alijenga ukumbi wa safu ishirini. Ya kwanza viti kumi na vinne, kila safu ikizidi kwa viwili. Karatasi yake ilisema 680. Vilipohesabiwa vikawa 660, naye akamnyooshea kidole seremala aliyevitengeneza: kaiba viti ishirini. Seremala aliuliza swali moja tu: "Hivyo viti vingekaa wapi? Ukumbi umejaa."

Msimamizi akacheka. "Fundi wa randa anifundishe mimi hesabu?"

Seremala akafukuzwa, na mtaa ukambatiza Mzee Ishirini. Akipita, majirani waliitana, "Shikeni vigoda vyenu!" Walisema ni utani. Binti yake, ambaye sasa ndiye mkaguzi, hakuwahi kucheka.

Tangu hapo msimamizi alijenga kumbi za mraba tupu, safu zote sawa, ambazo hesabu yake haimwumbui mtu. Binti alisoma, akapanda cheo, akangoja ukumbi mwingine wa upepeo. Mvumilivu hula mbivu. Wahenga hawakusema ni lazima iwe tamu.

Asubuhi ya kukabidhi, mwenye ukumbi, mama mnene asiyependa kupotezewa wakati, alikuja na funguo mkononi. Mkaguzi akafungua faili.

"Umetia saini kwamba umefunga viti elfu moja mia nane na thelathini," alimwambia msimamizi. "Ulivihesabu?"

"Bi Mkaguzi, kazi hii nina miaka thelathini. Sihesabu kimojakimoja kama mtoto wa chekechea. Napiga hesabu."

"Leo tutahesabu kimojakimoja."

Wakaanza wote watatu: safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walipomaliza ya thelathini jua lilikuwa limehama dirisha, na jumla ilikuwa 1,785.

"Pungufu arobaini na vitano," mwenye ukumbi alisema. "Vimekwenda wapi, bwana?"

Mafundi waliokuwa wakikaza skrubu za mwisho waliacha kazi. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Siku za mwizi arobaini. Huyu kaongezewa tano."

"Muulizeni seremala wa viti hivi!" msimamizi akafoka. "Maseremala nawajua mimi!"

Mkaguzi alilitarajia hilo. Alitoa hati za kupokelea mzigo. "Seremala alileta kumi na sita vya safu ya kwanza, kumi na tisa vya ya pili, hadi mia moja na vitatu vya ya thelathini. Kila hati ina saini yako."

Msimamizi alijifuta shingo. "Lakini jamani, tumieni macho! Hivyo viti vingekaa wapi? Ukumbi umejaa!"

Mkaguzi alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka kumi na sita. Akampa chaki.

"Tuonyeshe ulivyopiga."

Msimamizi alipiga magoti jukwaani. Safu thelathini mara tatu, tisini; ongeza kumi na sita; safu ya mwisho mia moja na sita.

"Safu ya kwanza iliongezewa vitatu juu ya ipi?"

Chaki ilisimama. Safu ya kwanza haikuongezewa kitu. Kutoka ya kwanza hadi ya thelathini ni hatua ishirini na tisa. Akafuta kwa kiganja, akaandika mia moja na tatu.

"Sasa zifunge mbilimbili, kama alivyonifundisha baba yangu. Ya kwanza na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho. Kila jozi mia moja kumi na tisa. Jozi ngapi?"

"Kumi na tano." Sauti ilikuwa ndogo. "Elfu moja mia saba themanini na tano."

"Kumbe hakuna mwizi," mwenye ukumbi alishusha pumzi.

"Hakuna. Sasa piga ya safu ishirini. Ya kwanza kumi na vinne, kila moja inazidi kwa viwili."

Msimamizi aliinua kichwa, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ni binti wa yule..."

"Piga."

Hatua kumi na tisa. Safu ya mwisho hamsini na mbili. Jozi kumi, kila jozi sitini na sita: 660.

Mkaguzi aliweka karatasi sakafuni. "Andika kwamba hakikuibwa hata kimoja. Ripoti yangu inaweza kueleza hesabu zote mbili, au isieleze hata moja."

Aliandika palepale, magoti yakiwa meupe kwa chaki.

Ripoti ilieleza hesabu zote mbili. Ilikuwa pia na mstari wa tatu: mara mbili amethibitisha viti asivyovihesabu. Siku ya tano msimamizi alifukuzwa. Siku ya sita mkaguzi alimpelekea baba yake ile karatasi.

Mzee aliisoma mara mbili. "Kosa uliliona lini?"

"Kwenye mchoro, baba."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Binti alikuwa akimjua kuwa mtu wa kusamehe, akajiandaa kwa mawaidha. Mzee alichukua nyundo, akaipigilia karatasi mlangoni, upande wa nje, usawa wa macho ya mpita njia. Msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa wa nne akasita.

"Kazi wamemwachia?"

"Hapana."

"Vizuri," akaugonga.

Ng'ambo ya njia jirani akapaza sauti, "Mzee Ishirini! Unagonga nini huko?"

"Njoo usome," alijibu mzee, akabaki amesimama na nyundo yake mkononi.