Moduli Inayouliza Mara Moja

Kila Ijumaa kabla ya sala, Miraji mlinzi huzima swichi kuu ya ofisi pale Kiembe Samaki. Ndiyo amri ya Mundhir, mkuu wao: umeme kuwaka bure watu wako msikitini ni israfu. Hata kompyuta inayopeleka majibu ya maabara kwenye vituo vya afya nayo huzimwa. Nani atabishana na Ijumaa?

Umeme ukirudi baada ya sala, moduli ya majibu, yaani kile kipande cha programu kinachoyapeleka, huamka mapema kuliko huduma ya ujumbe inayotumiwa na moduli zote. Huiulizia mara moja tu. Ikiikosa, haiulizi tena, na majibu hurundikana kimya kimya. Basi Muzna, fundi wao wa programu, hulazimika kurudi ofisini kuizima na kuiwasha kwa mkono, wakati kwao Malindi mama yake anapakua wali wa Ijumaa. Mchezo huo ameucheza miaka, na amechoka hasa.

"Niruhusu niibadilishe," alikuwa akimwambia Mundhir. "Iwe inaulizia huduma kila inapopata jibu la kupeleka."

"Kitu kinakwenda, Muzna. Usikiguse."

"Hakiendi. Nnakisukuma mimi!"

Mundhir hucheka, akaenda zake. Kucheka ni rahisi kwa mwenye kula wali wa moto.

Ijumaa moja Muzna alilala na homa, hakurudi ofisini. Alasiri Tabia, muuguzi wa Nungwi, akampigia Mundhir kwa ukali: ana mzazi aliyetoka kujifungua, anasubiri jibu la damu, na jibu halionekani. Mundhir akarudi ofisini, akabonyeza kila kitu, hakufanikiwa, mwisho akamsomea Tabia jibu kwa simu. Mzazi alinusurika. Jumamosi Mundhir hakucheka. "Ibadilishe," akasema.

Kazi yenyewe haikumaliza hata asubuhi moja. Muzna alitamani kulia kwa hasira.

Ijumaa iliyofuata majibu yalikwenda yenyewe, naye akaingia Malindi mapema kuliko kawaida, watu wametoka msikitini si muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Wamekufukuza kazi?"

"La. Kile kitu nshakitengeneza. Sasa kila Ijumaa tutakula pamoja."

Mama akamtazama, kisha akautazama mkeka uliokwisha kukunjwa.

"Mimi nshakula, mwanangu. Zamani nilikuwa nakungoja. Nkachoka."

Akainuka kwenda jikoni. Muzna akasikia kifuniko cha sufuria kikifunuliwa na kurudishwa. Akaelewa: siku hizi mama hupika wali wa mtu mmoja tu.

"Kaa," sauti ikatoka jikoni. "Ntakukaangia yai."